Mkazo wa Zamani

Raketi tatu za Shoto zilirudi kutoka mazoezini nyuzi zake zikiwa nzima, na hapo ndipo shangazi yake alipoanza kukosa raha. Mtu mwingine angefurahi. Nyuzi nzima ni kazi pungufu, na mwanamke aliyesimama mbele ya mashine tangu asubuhi angeweza kukaa chini akanyoosha miguu na kunywa chai yake ingali moto. Huyu alizigeuza raketi kwenye mwanga wa taa, akapitisha ukucha katikati ya nyuzi, akaziona zimekaa pale pale alipoziweka, hazikuchubuka wala kusogea. Shoto alikuwa mtu wa kukata nyuzi. Alizikata tangu ujana wake kana kwamba ametumwa, hadi wachezaji wenzake wakamtania kwamba anamtafutia shangazi yake kiharusi.

Chumba alichofanyia kazi shangazi kilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji. Kilikuwa na mlango wa chuma, taa moja, na meza iliyofungwa mashine ya kukazia nyuzi, pamoja na mikasi, koleo na magurudumu ya nyuzi yaliyopangwa ukutani kwa rangi. Dari ilikuwa mbao zile zile ambazo watu walikanyaga kwa juu. Siku ya mechi, vumbi lilidondoka kila walipopiga miguu, na alishazoea kufunika kikombe chake kwa kisahani. Uwanja wenyewe alikuwa hauoni. Alijua mambo ya juu kwa kusikiliza miguu.

Watu wa timu walimwita Mama Nyuzi, ingawa hakuwahi kuzaa. Ujana wake aliupitisha akifuma viti vya kamba kwenye baraza ya klabu ya tenisi, mpaka siku moja katibu wa klabu alipomletea raketi iliyopasuka nyuzi akamwambia, jaribu na hii, si yote ni kusuka? Alijaribu, ikatoka vizuri, na viti vikasahaulika. Kuhusu Shoto, baba yake, yaani kaka wa Mama Nyuzi, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na mke wake alipofariki alimleta mtoto na begi la nguo akasema, dada, nishikie wiki mbili. Wiki mbili hizo ziliendelea hadi mtoto akaota ndevu. Alikulia chini ya ile meza, akicheza na vipande vya nyuzi, na alipoanza kushika raketi akaishika kwa mkono wa kushoto, jina likamganda.

Sasa alikuwa anaelekea thelathini, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu miwili ya kuachwa alikuwa ameitwa tena timu ya taifa. Shughuli yenyewe ni ya wanaume, nchi kwa nchi. Nchi mbili hukutana kwa siku mbili na kucheza mechi tano, na kila mechi mshindi ni anayetangulia kuchukua seti mbili. Siku ya kwanza ni mbili za mmoja mmoja, na siku ya pili ni moja ya wawili wawili kisha mbili nyingine za mmoja mmoja. Atakayetangulia kufikisha ushindi wa tatu amemaliza kazi, na mechi iliyobaki haichezwi. Kwingineko mchezaji wa tenisi hujichezea na kujililia peke yake, lakini hapa kapteni anakaa benchi kando ya uwanja akimnong'oneza, na jukwaa zima linavaa rangi moja. Safari hii mshindi angepanda daraja la juu, ambako nchi yao haikuwahi kutia mguu.

Shoto alikuja kuchukua raketi zake jioni hiyo hiyo, taulo shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bega lina nini?"

"Bega gani?"

"Usinifanye mtoto wa juzi. Raketi tatu, mazoezi ya asubuhi na jioni, na hujakata hata uzi mmoja. Unapiga mpira au unaubembeleza?"

Alicheka, akaangalia mlangoni, akausukuma kwa mguu ukafungika. Hapo shangazi akajua kwamba si jambo dogo. Bega la kushoto, akasema, lilikuwa likimuuma tangu miezi mingi nyuma. Kupiga mpira wa kawaida aliweza. Kuanzisha, pale mkono unapopanda juu kabisa ya kichwa, ilikuwa kama mtu anamchoma sindano ndani ya mfupa. Alilala akiwa amekaa.

"Umemwambia daktari?"

"Nikimwambia ananiondoa kesho asubuhi. Baba ameshawatangazia madereva wote. Shangazi, hii ndiyo ya mwisho kwangu, sitaitwa tena. Nipunguzie mkazo kidogo tu, halafu usimwambie mtu."

Hapa msomaji aelezwe. Nyuzi zikikazwa sana, mpira unakwenda kwa nguvu za mkono na unatua mtu anapotaka, lakini kila pigo linarudi mkononi na kupanda hadi begani. Zikilegezwa, raketi yenyewe inaurusha mpira, mkono unapumzika, ila mpira unakuwa mtundu na unaweza kumtoroka mwenyewe. Shoto alikuwa mtu wa nyuzi zilizokazwa. Kilo ishirini na sita, hazikuzidi wala kupungua, tangu alipokuwa na umri wa kuanza kujinyoa.

Shangazi alimtazama akijua jibu sahihi ni lipi. Akachukua mikasi, akakata nyuzi nzima za zile raketi tatu, akazifunga upya kwa kilo ishirini na mbili. Alimpenda na hakutaka kuwa mkono wa kumnyima. Sababu ni hiyo tu, na haikumsaidia baadaye.

Asubuhi ya siku ya kwanza, daktari wa timu aliingia chumbani akijifanya amefuata maji ya moto. Alikuwa mtu mpole, na desturi yake ilikuwa kuuliza swali moja halafu kunyamaza akisubiri.

"Mama, huyu kijana wako," alisema, "anakata nyuzi kama zamani?"

Maji yalichemka kwenye birika. Shangazi alikuwa ameshika uzi mdomoni, na huo ukawa msaada wake, maana ulimpa nafasi ya kufikiri. Akautoa.

"Anakata kama kawaida, daktari. Ataniua kwa kazi."

"Haya. Nilimwona jana anavaa fulana kwa shida. Nikasema nikuulize wewe, maana yeye hatasema."

Alimimina maji yake akashukuru, akatoka. Shangazi alibaki amesimama na uzi mkononi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile alikuwa hajawahi kudanganya kuhusu raketi. Angeweza kumkimbilia daktari pale koridoni. Hata viatu alivivaa. Kisha mchezaji wa kwanza akagonga mlango na raketi iliyokatika, na kazi ikammeza.

Siku hiyo mchezaji namba moja wa nyumbani, kijana mwenye miwani waliyemwita Profesa, alishindwa mapema. Shoto akaingia wa pili akashinda kama mchezo. Nyuzi zilizolegea zilikuwa zikimfanyia kazi. Mipira iliruka mirefu, ikatua karibu kabisa na mstari wa nyuma, na mgeni wake akawa anarudi nyuma tu. Juu ya dari miguu ilitwanga, vumbi likadondoka, na shangazi akapanda ngazi kwenda kuchungulia kwenye mdomo wa njia ya wachezaji.

Watu waliona kijana anacheza kwa raha. Yeye aliona kwamba kila walipokaa kupumzika, Shoto alichukua taulo kwa mkono wa kulia, na chupa pia. Mkono wa kushoto aliulaza kwenye paja kama kitu alichoazimwa.

"Mama Nyuzi, kijana amezaliwa upya," kapteni alimwambia walipopishana koridoni. Alikuwa mzee mchangamfu wa kofia nyeupe aliyekuwa ameshamkatia Shoto tamaa, na sasa furaha ilimtoka hadi masikioni. "Nilitaka kesho nimpumzishe, nimweke yule mdogo wa akiba. Lakini nani anampumzisha mtu wa namna hii? Ikifika mechi ya mwisho, ni yeye."

Shangazi alikuwa amedhani anamsaidia apite siku moja. Kumbe alikuwa amemng'arisha kwa macho ya kapteni, na wema wake ndio uliomweka mpwa wake kwenye mechi mbaya kuliko zote. Alifungua mdomo, kapteni akawa ameshaondoka akipunga kofia kwa watu.

Jioni Shoto alikuja tena. Hakuwa na taulo wala maneno ya utani. Alikaa kwenye kigoda na kujiegemeza ukutani upande wa kulia.

"Punguza tena, shangazi."

"Nikipunguza tena mipira itatoka nje ya uwanja. Mwambie kapteni."

"Kesho tu. Kesho, halafu napumzika hata mwaka."

"Na kama hakuna cha kupumzisha?"

Shoto alikuwa amefumba macho, na kwenye mwanga ule uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Shangazi akasema sawa, nitaona, akamfunika begani kwa khanga yake mwenyewe. Alisikia harufu ya dawa ya kuchua iliyopakwa kwa siri, na woga ukamwingia hasa, woga wa kumwogopea mtu aliye hapo hapo mbele yako na huwezi kumshika.

Kulipokucha alikuwa ameshapata shauri, na shauri lenyewe lilikuwa la mtu wa kazi yake. Mwanamke huyu hakuwa mwepesi wa kusema. Alipokuwa akimlea Shoto hakumpiga wala kumfokea. Mtoto akidanganya, alimrudishia raketi bila nyuzi, na mtoto alielewa. Akifanya vizuri shuleni, alikuta mpini wa raketi umezungushiwa utepe mpya. Nyumba ile iliendeshwa hivyo, na kwa muda mrefu haikumwangusha. Kwa hiyo sasa akajiambia kwamba atazikaza raketi zote za Shoto kilo ishirini na sita, mkazo wa zamani. Shoto atapiga mipira michache ya kupasha mwili moto, bega litalia, ataelewa kwamba hawezi, atamwita daktari mwenyewe. Kapteni atamwingiza yule mdogo kabla mechi haijaanza. Ahadi haitavunjwa, na hakuna atakayejua kwamba shangazi ndiye aliyemtoa.

Alichukua mikasi akakata zile zilizolegea, zote, asiachiwe hata moja ya kukimbilia. Nyuzi zilikatika kwa mlio mkavu, mmoja baada ya mwingine. Raketi ya kwanza ilibidi airudie.

Mechi ya wawili wawili ilichezwa asubuhi na timu ya nyumbani ikashinda. Ilikuwa sasa mbili kwa moja. Profesa akishinda yake, yatakuwa yamekwisha, na Shoto hatacheza kabisa. Shangazi alikaa chini ya dari akisikiliza. Miguu ikitwanga, Profesa amepata. Ukimya, wageni wamepata. Aliomba Mungu kwa sauti ya chini, akamwombea kijana mwenye miwani kuliko alivyowahi kumwombea ndugu yake yeyote. Seti ya kwanza miguu ilitwanga mpaka taa ikayumba. Ya pili, ukimya ulizidi. Katika ya tatu alisikia jukwaa zima likishusha pumzi kwa pamoja, kisha kiti kimoja kikikunjwa mahali fulani, na baada ya hapo hakuna kitu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Shoto, na nyuma yake kapteni akimharakisha.

"Mbili kwa mbili," Shoto alisema. "Zipo tayari?"

Kwa kawaida alipokea raketi akaipiga kiganjani na kuisikiliza. Kama angefanya hivyo hapo, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini kapteni alikuwa ameshalichukua begi, akazitia raketi zote ndani akalifunga zipu, akalitundika kwenye bega la Shoto, lile la kulia, kwa bahati. Wakaondoka. Shangazi akawafuata hadi mdomo wa njia.

Jua lilikuwa kali. Upande wa pili kaka yake alikuwa amesimama juu ya kiti, shati limelowa, madereva wenzake wamemzunguka. Shoto alitoa raketi, akapiga mpira wa kwanza wa kupasha mwili moto.

Akasimama. Aliitazama raketi, akazigusa nyuzi kwa kidole, kisha akageuka na kutazama moja kwa moja kwenye njia, mpaka akamwona. Amejua, shangazi akawaza. Mwite daktari, mwanangu. Inua mkono tu. Daktari alikuwa amekaa hapo hapo nyuma ya benchi, begi lake miguuni.

Shoto hakuinua mkono. Alimwitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyepokea salamu. Akatabasamu. Kisha akarudi kwenye mstari wake.

Kilichofuata watu wa pale watakihadithia hadi wachoke. Hawakuwa wamemwona Shoto akicheza hivyo tangu enzi zake. Hakuubembeleza mpira tena. Aliuanzisha kwa mkono ulionyooka wote juu ya kichwa, na mpira ulitua pale alipotaka. Seti ya kwanza akaichukua. Kwenye ya pili akakata uzi, wa kwanza tangu aitwe timu, na jukwaa lililoujua utani wa zamani likacheka na kushangilia. Shangazi alishika ukuta. Alitaka kupiga kelele asimamishe kila kitu, na hakuwa na pa kuanzia, maana angesema nini, na kwa nani, katikati ya watu wote wale wenye furaha.

Akaipoteza seti ya pili. Katika ya tatu alianza kutoa sauti kila alipoanzisha, sauti fupi ya chini ambayo watu waliidhania ni ya juhudi. Midomo ilikuwa nyeupe. Kapteni alimnong'oneza jambo, Shoto akatikisa kichwa. Daktari alikuwa amesimama sasa, mikono kiunoni, hakai.

Pointi ya mwisho aliianzisha kwa nguvu zote alizobakiza. Mpira haukuguswa. Raketi ikamtoka mkononi ikaanguka mbali, naye akaanguka magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi. Watu walidhani ni shukrani. Timu nzima ikakimbia ikamrundikia juu, kapteni na kofia yake, Profesa, wote, wakilia na kucheka, na chini yao hakuna aliyemsikia.

Daktari ndiye aliyewatoa, mmoja mmoja, kwa kuwavuta fulana.

Chumba cha matibabu kilikuwa mkabala na cha shangazi. Walipomruhusu kuingia, Shoto alikuwa amelazwa, mkono umefungwa kifuani, sindano imeshaanza kumtuliza. Juu yao miguu ilikuwa ikicheza, maelfu, na nchi ilikuwa imepanda daraja. Daktari alikuwa akinawa mikono.

"Kano limekatika lote," alisema bila kugeuka. "Lilikuwa limechanika siku nyingi. Lingepumzishwa lingepona, hata juzi lingepona. Sasa atashukuru akiweza kuchana nywele." Akajifuta, akamtazama shangazi kwa muda, wala hakuuliza swali lake moja. Akaenda kutafuta gari.

Wakabaki wawili. Shangazi alivuta kiti akakaa, akaushika ule mkono mzima.

"Umeona?" Shoto alisema. Ulimi ulikuwa mzito kwa dawa, lakini macho yalikuwa safi. "Mpira wa kwanza tu nikajua. Nikasema, shangazi amerudisha mkazo wangu. Jana usiku nilikuwa nimeshaamua kumwambia kapteni sitaweza, unajua? Nilitaka nipige mipira miwili mitatu, halafu nimwite. Halafu nikasikia zile nyuzi. Nikasema huyu ananijua kuliko mimi. Kama yeye ameona naweza, basi naweza."

Alikuwa anamshukuru. Shangazi aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kumwachia hayo, aende nayo maisha yake yote kama zawadi, na yeye abaki shangazi aliyeamini. Alikuwa ameshanyamaza vya kutosha.

"Nilizikaza zikuume," alisema. "Nilitaka ushindwe mapema, uache."

Miguu ya juu iliendelea. Shoto aligeuza uso kidogo kwenye mto, akitafuta mahali pa kuliweka neno lile. Hasira haikuja, na shangazi aliisubiri kweli, angeipokea kwa mikono miwili.

"Si ungesema tu," Shoto alisema. "Wewe ungeniambia acha, ningeacha."